Nakshi juu ya Barafu

Wako watu, na miongoni mwao wamo wasomi, wasemao kwamba kutia nakshi kwa leza juu ya barafu ni mchezo wa watoto wa matajiri, na kwamba kuutaja mchezo huo pamoja na Kibiti na delta ya Rufiji ni kuwakejeli wenyeji. Neno hilo hupokewa kwa vichekesho, kisha mazungumzo hufungwa. Yafaa yafunguliwe tena.

Aghalabu huanza kwa kusema kwamba barafu huyeyuka, basi kazi ni bure. Wasemao hivyo wamehudhuria arusi ngapi? Bibi arusi wa pwani hupakwa hina na piko mikononi na miguuni, kazi ya saa nyingi kwa mkono usiotetemeka, na baada ya wiki chache haionekani tena. Hakuna amwambiaye msomo aliyempaka kwamba ameharibu wakati wake. Huko Harbin, nchini China, barafu huchongwa kila mwaka wakati wa baridi, nao wachongaji wajua vema kwamba jua litakuja.

Kisha husema kwamba mashine hufanya kila kitu, na penye mashine hapana sanaa. Hapa hudhihirika kwamba hawajaijua kazi wanayoilaumu. Leza ya kwanza iliwashwa Marekani mwaka 1960 na Theodore Maiman; ile itumiayo gesi ya kaboni dioksaidi ilibuniwa na Kumar Patel mwaka 1964, nayo ndiyo itumikayo sana kuchorea mbao na ngozi. Mwali wake haupenyi barafu. Hunywewa na utando wa juu ulio mwembamba kuliko unywele. Utando huo huyeyuka, maji hutuama katika mfereji, na maji yale yale huunywa mwali unaofuata, hata mstari uliokusudiwa kuwa mkali ukawa mpana na kingo zake zikalainika. Barafu ikiwa baridi mno, maji huganda tena humo humo. Fundi hana budi kupita mara nyingi kwa nguvu ndogo, na kuyaondoa maji kila apitapo. Ama zile mashine ndogo za bei nafuu zenye mwali wa buluu, hizo hazifai kabisa: mwali huo hupita katika barafu angavu kama upitavyo katika kioo, ukaunguza meza iliyo chini, na ukirudishwa na uso unaong'aa huweza kumpofusha mtazamaji. Hata barafu yenyewe yataka ujuzi. Maji yakigandishwa kutoka pande zote, hewa hunaswa katikati na barafu huwa nyeupe; yakigandishwa kutoka upande mmoja tu, hewa husukumwa mbele, na barafu hutoka safi.

Je, hiyo ni kazi isiyohitaji mkono wala jicho? Mchonga milango husoma uzi wa mti kabla ya kugusa tindo. Barafu humlazimisha mwenye leza kusoma vivyo hivyo. Mtu akinakili ua la mlango wa Unguja juu ya ubao wa viwandani, akauza kama kazi ya mkono, huo ni udanganyifu, na ustahili kulaaniwa. Lakini barafu haimpi mdanganyifu nafasi, maana hakuna awezaye kuisingizia umri.

Hoja yao yenye uzito ni nyingine, na wao wenyewe huitaja kwa haraka mno. Katika delta barafu ni mtaji. Mwenye kamba wa Salale au wa Msala, barafu ikimwishia kabla mashua haijafika Nyamisati, hupokea bei aipendayo mnunuzi. Kumletea mtu huyo barafu yenye maua ilhali sanduku lake ni tupu ni utovu wa adabu. Katika hili wapinzani wana haki: friji itangulie, leza ifuate.

Lakini haifuati kwamba vijana wa delta wasiruhusiwe kamwe kujaribu. Mto ule ule uleteao maji mikoko ndio uzungushao mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, yenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo lilianza kutoa umeme mwaka 2024. Nani aliyeamua kwamba umeme huo ukifika Kibiti kazi yake iwe taa na redio tu, na majaribio yawe ya wengine? Ajifunzaye kwa nini mfereji wa leza hujaa maji hujifunza pia kwa nini bonge kubwa hudumu kuliko barafu iliyopondwa. Na baada ya barafu viko vifuu, maganda ya chaza, masalio ya mkomafi katika vichanja vya waunda mashua. Masalio, si mti uliosimama, kwa kuwa mikoko ni hifadhi tangu enzi ya Wajerumani. Plastiki za mabomba tu zisiguswe, maana mwali huzitoa hewa yenye klorini, iunguzayo mapafu ya fundi na kuila mashine.

Wapinzani wangalianza na hilo la mapafu, wangalisikilizwa zaidi.