Ujuzi Usiotajwa Hauna Bei



Leo tunataka tuzungumze na mabinti wanaosoma habari na utangazaji, wale ambao katika masomo yao hutakiwa watengeneze filamu fupi, kipindi cha redio au kurasa za jarida, kisha wakabidhi kwa mwalimu wapewe alama. Tunazungumza na mama zao pia, maana wao ndio wanaohangaika na ada na nauli.

Mabinti hawa wakija kwetu kuomba kazi ndogo ndogo, tukiwauliza, "Umejifunza nini chuoni?" jibu huwa lile lile: "Tumejifunza kamera." Basi. Miezi yote ile ya kuhangaika imekuwa neno moja. Mwengine huinamisha kichwa akasema, "Kidogo tu dada, sijui sana." Kisha tunamuona anavyofanya kazi, tunabaki kutazamana. Huyu ndiye asiyejua?

Maoni yetu ni haya: ujuzi usiotajwa hauna bei. Binti asiyeweza kusema kwa maneno yake amejifunza nini, mwisho wa kazi atalipwa "ahsante". Ndiyo maana ile sehemu ya mwisho ya kazi ya masomo, ile ya kukaa chini na kuandika "nilianza wapi na nimefika wapi", ambayo wanafunzi wengi huiona ni usumbufu, sisi tunaiona ina faida kubwa kuliko zote.

Mtatuuliza, nyinyi mafundi cherehani yanakuhusuni nini mambo ya kamera? Yanatuhusu. Sisi tumesoma sekondari, tukachukua mafunzo ya ushoni, tukafungua kiduka chetu cha kushona madira, magauni ya harusi na nguo za Idi. Siku hizi mteja haji dukani kabla hajaona nguo kwenye simu yake. Kwa hiyo sisi ni wanunuzi wa kazi za mabinti hawa, na mnunuzi ana haki ya kusema anachokiona.

Kuna mfano mmoja unaotusaidia sana kulieleza jambo hili. Binti wa jamaa zetu aliyekulia Uingereza alisoma somo la habari kwenye skuli ya sekondari ya juu, kwa silabasi ya bodi ya mitihani ya OCR iliyoanza kufundishwa 2008. Alitueleza namna kazi yao ilivyopangwa, na sisi tukaona akili kubwa ndani yake.

Kwanza walipewa zoezi dogo kabisa. Mtu anafungua mlango, anavuka chumba, anakaa kwenye kiti mkabala na mwenzake, wanasemezana maneno mawili matatu. Hakuna hadithi wala mapambo. Baada ya hapo ndipo walipofanya kazi yenyewe: kutengeneza mwanzo wa filamu mpya isiyozidi dakika 2. Waliruhusiwa kufanya kwa kikundi cha watu wasiozidi 4. Picha na sauti zote walitakiwa wazitengeneze wenyewe, isipokuwa muziki na milio ambayo haina mwenye haki ya kudai. Mwisho, kila mmoja alijibu maswali 7 kuhusu kazi yake. Umewachora vipi watu wa kundi fulani? Mtazamaji wako ni nani? Umemvutaje? Umejifunza nini kuhusu vifaa? Na swali la saba lilikuwa hili: ukitazama nyuma kwenye lile zoezi la mlango, unaona umejifunza nini mpaka kufika hapa?

Sasa tazameni alama zilivyogawanywa. Kati ya 100, utengenezaji wenyewe ulikuwa 60, utafiti na mipango 20, na tathmini ya mwisho 20. Maana yake alama 40 zilikuwa za mambo ambayo mtazamaji wa filamu hayaoni kabisa.

Fundi yeyote anaelewa kwa nini. Mteja anaiona nguo. Haoni vipimo, haoni karatasi tuliyochora kabla ya kukata, haoni mshono tuliofumua ukarudiwa. Lakini bila ya hayo nguo haikai mwilini.

Hata lile zoezi la mlango si mchezo. Mkono unashika kitasa kwa nje, kisha picha inayofuata ni ya ndani ya chumba, na mlango unaendelea kufunguka pale pale ulipoachwa. Ukikosea kidogo, mtazamaji anaona mlango umefunguliwa mara mbili. Kwetu sisi hiyo ni sawa na kulinganisha maua ya kitambaa kwenye mshono wa ubavuni: ua lililokatwa nusu upande wa mbele likutane na nusu yake upande wa nyuma, mpaka jicho lisijue pameungwa wapi. Kisha wale wawili wanapozungumza, kamera haitakiwi kuvuka ule mstari wa kufikirika uliopo kati yao. Wanaiita kanuni ya nyuzi 180. Ukiuvuka, watu wanaotazamana wataonekana wote wanaangalia upande mmoja, kama vile hawazungumzi pamoja. Binti aliyeyajua haya hajajifunza "kamera tu". Amejifunza kupanga, kusubiri, kukumbuka kitu kilikuwa wapi, na kufikiria jicho la mtu mwengine.

Huko Uingereza utaratibu huo umeshabadilika. Silabasi mpya zilianza kufundishwa Septemba 2017, kazi ya kutengeneza sasa ni asilimia 30 ya alama za kumaliza somo, na mwanafunzi huandika nia yake kabla ya kuanza. Kuandika nia mwanzoni ni jambo zuri. Lakini sisi lile swali la saba tunalipenda zaidi, na tungependa kila mwalimu wa fani hii hapa kwetu alishike.

Maana mabinti wa visiwani, wakijiuliza swali hilo kwa dhati, wana majibu mengi kuliko wanavyodhani.

Wamejifunza sauti. Anayerekodi mahojiano hapa mjini lazima ajue wakati wa adhana, ajue njia ya bodaboda, na ajue miezi ya kaskazi upepo unavyoingia kwenye maiki ukaharibu kila kitu. Wamejifunza mwanga. Jua la saa sita mchana linafanya uso kuwa na vivuli vibaya chini ya macho, na baibui jeusi mbele ya ukuta mweupe wa chokaa lina mtihani wake. Wamejifunza kufanya kazi na mwenzao asiyefika kwa wakati, na kumaliza kazi hata hivyo. Wamejifunza kukata: picha umeihangaikia asubuhi nzima, unaipenda, lakini haifai, unaitoa.

Na wamejifunza jambo ambalo sisi tunalitukuza kuliko yote, nalo ni idhini. Dini yetu imetufundisha kubisha hodi na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba ya mtu. Kamera nayo inaingia ndani ya nyumba za watu. Binti aliyefundishwa vizuri hamrekodi bibi anayesuka ukili barazani kwake mpaka amemuamkia, amekaa naye kidogo, amemueleza picha zitakwenda wapi, na bibi amekubali. Akikataa, kamera inarudi mkobani. Huo ni ujuzi, tena ni ujuzi adimu.

Hapo ndipo panapoingia riziki. Kwenye harusi zetu, upande wa wanawake, siku ya hina na siku ya kumtoa bi harusi mbele ya wanawake wenzake, mpiga picha mwanamme hatakiwi. Familia nyingi zinataka kumbukumbu nzuri ya siku ile, lakini zinataka mwanamke wa kuaminika. Anayejua kupiga bila ya kumuudhi mtu, anayejua nani hataki kuonekana, na anayekabidhi kazi kwa mwenye nayo kisha akafuta kilichobaki kwenye simu na kompyuta yake. Hiyo ni amana. Mwenye kuibeba amana hiyo vizuri hatakosa wateja, kwa idhini ya Mwenyezi Mungu.

Tunawasikia wazee wanaosema kamera si kazi ya mtoto wa kike. Hofu yao tunaielewa, kwa sababu tunaona kinachosambazwa kwenye simu, heshima za watu zinavyochezewa. Lakini tujiulize, wanaofanya hayo wamefundishwa? Binti aliyekaa darasani akafundishwa idhini, akafundishwa kuhakikisha habari kabla ya kuitoa, akaulizwa na mwalimu wake "umewachora vipi watu hawa?" huyo ndiye kinga yetu. Tukimzuia yeye, kamera hazitaondoka mjini. Zitabaki kwa wasiofundishwa.

Wengine husema, kila mtu ana simu siku hizi, ya nini kusomea? Sisi huwajibu kwamba kila nyumba ina sindano na uzi, na bado mnatuletea nguo zenu.

Sasa tuje kwetu, wanawake wenzetu wa biashara. Hapa tutasema kweli ingawa itauma. Iko tabia ya kumwita binti aje apige picha bidhaa siku nzima, arekodi, ahariri usiku kucha kwa vocha yake mwenyewe, kisha aambiwe, "Sisi tutakutangaza jina." Jina halinunui unga. Hakuna hata mmoja wetu anayekubali mteja achukue gauni na kusema, "Nitalivaa harusini, watu watakuona." Basi tusimfanyie mwenzetu tusilolikubali sisi. Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, ametuhimiza tupendeane tunachojipendea wenyewe.

Lakini na wewe binti utusaidie. Fundi akitaja bei, anaweza kuichambua: kukata, kushona, uzi, zipu, vifungo, mkono wa kudarizi. Mteja akisema ghali, fundi anamuonesha kila kitu kilipo. Wewe ukisema "nimepiga video", mteja anaona umebonyeza simu mara moja. Mwambie: nimekuja kuangalia mahali kabla, nimepanga picha kwenye karatasi, nimerekodi, nimesafisha sauti, nimehariri, nimeandika maneno ya chini, nimerekebisha mara mbili ulivyotaka. Kila kimoja kina jina, na kila chenye jina kinaweza kulipiwa.

Kwa hiyo tunakuomba jambo moja kabla hujakabidhi kazi yako ya mwisho chuoni. Chukua karatasi moja. Weka kazi yako ya kwanza kabisa na hii ya mwisho, zitazame zote mbili bila ya kuona haya, kisha ujibu maswali manne. Nini naweza kufanya leo ambacho siku ile sikuweza? Kitu gani kilinishinda, na nilikipita vipi? Nani alinisaidia, na mimi nilimsaidia nani? Na mtu akinilipa, atakuwa analipia nini hasa? Jibu kwa mifano, usijibu kwa sifa. "Mimi ni mbunifu" halimwambii mtu kitu. "Nilirekodi mahojiano sokoni Darajani na kila neno linasikika" linamwambia mengi.

Usiogope kwamba ni kujisifu. Waislamu tuna neno letu, muhasaba, mtu kujihesabu mwenyewe. Mwenye kujihesabu kwa haki huandika alichopata na alichopoteza. Kuficha neema aliyokupa Mola wako si unyenyekevu, na kujua kazi yako si kiburi.

Walimu, tunakuombeni kurasa hizo mzisome na mzipe alama zenye uzito, mwanafunzi ajue kwamba zinahesabiwa. Kina mama, binti akirudi nyumbani msimuulize tu "umepata ngapi?" Muulizeni, "Nioneshe cha mwanzo na cha mwisho, unieleze tofauti." Atababaika mara ya kwanza. Mara ya pili ataeleza. Mara ya tatu atakuwa anaeleza mbele ya mteja, na mteja anatoa pesa.

Mwenyezi Mungu awabariki mabinti zetu katika elimu zao, awape riziki ya halali, na azilinde amana wanazobebeshwa na watu. Amin.