Blogu au Facebook? Hesabu ya kijana anayeandika kutoka Kongo

Katikati ya Februari 2025, wakati M23 ikiingia Bukavu baada ya kuchukua Goma, wakaaji wengi wa Kongo walishindwa kufungua X, kisha TikTok. Shirika la NetBlocks, linalofuatilia hali ya intaneti duniani, liliripoti kwamba mitandao hiyo imezuiwa nchini. Wenye VPN waliendelea. Wengine walibaki wakitazama ukurasa usiofunguka, huku picha na maandishi yao ya miaka mingi yakiwa ndani.

Kwa kijana anayeandika kuhusu mtaa wake, vita au bei ya makala sokoni, tukio hilo linaleta swali: maandishi yake yanakaa wapi?

Wengi watajibu: kwenye Facebook na WhatsApp, kwa sababu wasomaji wako huko. Jibu hilo lina uzito. Kampuni za simu huuza mega za mitandao ya kijamii pekee kwa bei nafuu, na mwenye mega hizo hawezi kufungua blogu hata akiitaka. Anayedharau jambo hilo hajanunua mega kwa pesa yake mwenyewe.

Lakini mitandao hiyo ina faida yake inayotafuta. Inataka msomaji abaki ndani. Novemba 2024, Elon Musk mwenyewe alishauri watumiaji wa X waandike maelezo kwenye ujumbe wa kwanza na kuweka kiungo kwenye jibu lake. Maana yake, ujumbe unaomtoa mtu nje ya X haupati nafasi sawa na mwingine. Na andiko la Facebook la mwaka jana, nani analipata leo? Hata aliyeliandika hutembeza kidole mpaka achoke.

Blogu hutunza. Andiko lina anwani yake na tarehe yake, na mtu akitafuta jina la kijiji kwenye Google miaka mitatu baadaye anaweza kulifikia. Hata hivyo, tusidanganyane: si kila blogu ni nyumba yako. Vijana wengi wanaosoma Kifaransa wanakumbuka Skyblog, iliyoanzishwa na redio Skyrock ya Ufaransa mwaka 2002. Tarehe 21 Agosti 2023 ilifungwa. Maktaba ya taifa ya Ufaransa na taasisi ya INA zilichukua nakala kwa ajili ya kumbukumbu, lakini mwenye blogu ambaye hakupakua vyake mapema hakuweza tena kuingia kama zamani.

Kwa hiyo kinachohesabika ni nakala iliyo mkononi mwako. WordPress na Blogger zote zina sehemu ya kupakua maandishi yote kwa faili moja. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na faili linaweza kukaa kwenye ufunguo wa USB. Jina la tovuti lenye .com hugharimu karibu dola 10 hadi 15 kwa mwaka. Si pesa kubwa kwa mfanyakazi, lakini hulipwa kwa kadi, na Goma benki nyingi zilifunga milango tangu mwishoni mwa Januari 2025. Wengine hulipiwa na ndugu aliye nje ya nchi. Hapo jina liandikishwe kwa mwandishi mwenyewe, wala si kwa ndugu, maana ugomvi wa familia umeshafunga mambo mengi.

Kuna pia upande wa sheria. Sheria ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023, kifungu cha 360, inaadhibu anayeanzisha na pia anayesambaza habari ya uongo dhidi ya mtu: jela ya mwezi 1 hadi 6, na faini ya faranga za Kongo 500 000 hadi milioni 1. Mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa Septemba 2023 na akatoka gerezani Machi 2024, katika kesi iliyohusu barua ambayo upande wa mashtaka ulidai ni ya uongo na kwamba yeye ndiye aliyeisambaza. Alikana siku zote. Blogu haimkingi mtu na sheria hiyo, kwa sababu inagusa kila njia ya kielektroniki. Inachompa ni muda. Kwenye kundi la WhatsApp kidole hutangulia akili. Kwenye blogu unaandika, unalala, unasoma tena asubuhi, unapigia simu mtu wa pili kabla ya kutoa.

Utaratibu unaofaa, kwa maoni yangu, ni kuandika kwanza kwenye blogu, kisha kuingia mitandaoni na kazi moja: kupeleka andiko, kujibu maswali ya wasomaji, kutoka. Kwa wenye mega za WhatsApp tu, tuma maneno yote, si kiungo peke yake. Na intaneti ikikatwa kabisa, kama ilivyokuwa kwa karibu siku 20 kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, blogu nayo haitafunguka. Wakati huo kinachobaki ni faili lililo kwenye USB, na daftari.