Wametuandika sisi, wakatufungia nje

Makamanda, leo siongelei tume ya uchaguzi. Naongelea mlango mmoja ambao wengi wetu tumeugonga bila kujua nani kaufunga.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope lilishuka kutoka Mlima Hanang, likaingia Katesh na Gendabi, tukazika watu zaidi ya 80. Baadaye wataalamu wakaandika. Juzi kijana mwenzetu wa hapa Dirma, anayejitolea kufundisha jiografia, akatafuta makala mojawapo. Akapata aya moja ya muhtasari, chini yake bei: dola zaidi ya 30. Hiyo inakaribia laki moja! Akazima data, akaenda zake darasani na kitabu cha zamani.

Sasa mchezo wenyewe uko hivi. Majarida ya kitaaluma hayauzwi kama gazeti pale stendi. Kampuni kama Elsevier, Springer Nature na Wiley zinauzia vyuo usajili wa mwaka, tena kwa furushi: unataka majarida 20, unabebeshwa mamia. Chuo kikilipa, mtandao wake unatambulika na mlango unafunguka wenyewe. Ukimaliza digrii, umefungiwa. Chuo kikiacha kulipa, mara nyingi kimefungiwa. Na aliyeandika makala halipwi, aliyeihakiki kwa kawaida halipwi pia. Harvard yenyewe, tajiri kuliko wote, mwaka 2012 ililalamika kwamba bili inakaribia dola milioni 3.75 kwa mwaka. Mwaka 2019 vyuo vya California viliacha mkataba na Elsevier, na 2021 wakarudi kwa masharti mapya. Kumbe kugoma kunawezekana.

Kwetu maktaba za vyuo zimejiunga kwenye umoja unaoitwa COTUL ili zijadiliane bei kwa pamoja. Safi. Lakini Dirma siyo chuo.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo, maana bepari wa Ulaya nimeshamzoea. Kuna mpango unaitwa Research4Life, ulianza 2002 na majarida ya afya, ukaongeza kilimo na mazingira. Tanzania iko kundi la nchi zinazopata bure. BURE, makamanda. Ila mtu binafsi hajiungi, inajiunga taasisi: hospitali, chuo, ofisi ya serikali. Yaani daktari wa wilaya na bwana shamba wanaweza kusoma kile anachosoma mwenzao wa London, ilimradi mkubwa wao amejaza fomu. Hela ya kununua mashangingi inapatikana, fomu ya bure je?

Msiniambie haya ni mambo ya wasomi. Wabarabaig walipokonywa malisho kwa ajili ya mashamba ya ngano ya NAFCO kule Basotu, kwa msaada wa Kanada. Mengi yameandikwa kuhusu ardhi ile. Mzee akitaka kudai haki yake leo, wakili asiye na chuo nyuma yake anakutana na bei ileile ya dola. Wahadzabe wa Yaeda Chini ndio usiseme, wamepimwa mpaka kinyesi.

Wapo waungwana. Utafiti wa 2012 kuhusu nguvu anazotumia Mhadzabe kwa siku ulitoka PLoS ONE, jarida la wazi, unausoma kwa bando lako hata ukiwa malishoni. (Huko analipa mwandishi, na huo nao ni mtego kwa wasomi wetu, tutaongea siku nyingine.) Na ukikwama, mwandikie mtafiti mwenyewe barua pepe. Wengi wanatuma, hawapotezi kitu.

Ila tusiishie kuombaomba. Kikao kijacho cha baraza la madiwani, Mbulu na Hanang, nendeni mkakae kwenye viti vya wananchi, na diwani wenu mumpe maswali mawili aulize: hospitali na idara ya kilimo zimesajiliwa Research4Life, ndiyo au hapana? Na mtafiti anayekuja na kibali kupima watu wetu, nakala yake inaachwa ofisi ya kijiji gani? Majibu mtuletee hapa, tuyachapishe.