Bingwa mmoja hafanyi timu

MSIMU wa mbio za nyika za vyuo vikuu vya Marekani unapowadia, swali linalotangulia hapa Eldoret ni Mkenya yupi atashinda. Swali hilo halitoshi kupima uwezo wa timu.

Chuo Kikuu cha Alabama ni mfano mwafaka. Mercy Chelangat alitwaa taji la wanawake la msimu wa 2020, naye Doris Lemngole akalinyakua mwaka wa 2024. Hata hivyo, ubingwa wa timu mwaka huo wa 2024 uliendea Chuo Kikuu cha Brigham Young. Kinyume chake, mwaka wa 2022 Alabama ilimaliza ya tatu bila kutoa bingwa.

Sababu ni hesabu. Kati ya wakimbiaji saba wa kila timu, nafasi za watano wa kwanza hujumlishwa, na yenye jumla ndogo hushinda. Mshindi huchangia alama moja; mwenzake wa tano akiwa nambari 150, faida hiyo humezwa.

Hivyo basi, kijana wa Uasin Gishu anayeahidiwa ufadhili wa masomo asiulize tu nyota wa chuo ni nani. Aulize wa nne na wa tano ni akina nani, na lini watahitimu. Huenda pengo hilo ndilo analoitiwa kuziba.