Wa Kambi Moja Wajibizane Hadharani

Waandishi wa siasa wa msimamo mmoja wakitofautiana, huaswa wamalizane faraghani ili mahasimu wao wasipate la kusema. Jarida hili linaupinga wasia huo. Kasoro za hoja huonwa mapema na anayeamini misingi yake, na msomaji ana haki ya kuelezwa kasoro hizo.

Mfano tunao hapa hapa. Mwaka 1976 Issa Shivji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha Class Struggles in Tanzania, akidai kwamba baada ya Azimio la Arusha warasimu wa dola waligeuka tabaka tawala. Waliomkabili walikuwa Wamaksi wenzake. Dan Nabudere, Mganda aliyemkimbia Idi Amin, alishikilia kuwa katika nchi ya ukoloni mamboleo mtawala hasa ni mtaji wa kibeberu. Karim Hirji na wengine wakaingia ulingoni, na mwaka 1982 Tanzania Publishing House ikatoa maandiko hayo katika kitabu kilichohaririwa na Yash Tandon.

Maneno yalikuwa makali, mengine kupita kiasi. Lakini swali lilikuwa zito: mfanyakazi apambane kwanza na wakubwa wa mashirika ya umma, au aungane na kila mzalendo dhidi ya mabeberu? Amin alipoangushwa mwaka 1979, Nabudere akawa waziri katika serikali ya Uganda ya UNLF, muungano uliokusanya makundi yenye itikadi mbalimbali. Suala la nani mshirika na nani hasimu likatoka vitabuni, likaingia Ikulu. Kama wangenyamaza kwa ajili ya umoja, tungerithi kaulimbiu tu.

Upungufu wao mkubwa ulikuwa lugha. Waliandika kwa Kiingereza, na wengi wa wafanyakazi wa kiwanda cha nguo cha Urafiki, kisicho mbali na Chuo Kikuu, Mlimani, hawakupata nafasi ya kuhukumu hoja zilizowahusu wao wenyewe.

Kwa hiyo katika toleo hili wajamaa wanajibizana kwa Kiswahili. Tulimtaka kila mmoja aeleze hoja ya mwenzake kwa namna ambayo mwenyewe ataikubali, ndipo aipinge. Na asimpachike mtu jina la usaliti badala ya kumjibu. Msomaji, usiwapatanishe haraka. Pima ushahidi wao, kisha utuandikie nani amekushawishi na kwa nini.