Barazani: Baba Aliyebaki

Mwezi uliopita mzee mmoja wa kigango chetu alikuja ofisini kuandikisha kifo cha mwanawe. Mimi ni karani wa parokia. Vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya marehemu vyote viko mezani pangu, na kazi hiyo nimekwisha kuizoea. Nikamwuliza jina, umri na siku. Akanijibu yote vizuri. Kisha akanyamaza kitambo, akasema, "Mwanangu karani, mbona huandiki jina langu mimi? Zamu hii ilikuwa yangu."

Sikuwa na neno la kumjibu. Nikamsindikiza mpaka njiani, nikarudi.

Usiku ule nikakumbuka habari za mzee mwingine, wa nchi ya mbali kabisa, aliyepatwa na jambo lilo hilo. Leo nitawasimulieni.

Mzee huyo ni Tom Morris, Mskoti, aliyezaliwa mwaka 1821 katika mji wa St Andrews, kando ya bahari. Riziki yake aliipata katika mchezo wa gofu. Mtu huupiga mpira mdogo kwa fimbo, akaufuata mpaka autumbukize katika shimo, kisha huelekea shimo la pili, na la tatu, na kuendelea. Amalizaye mashimo yote kwa mapigo machache kuliko wenzake ndiye mshindi.

Katika mji ule matajiri walicheza, na maskini waliwachukulia fimbo na kuwatengenezea mipira. Tom alikuwa mtoto wa mfumaji, basi bado kijana akapelekwa kujifunza kwa Allan Robertson, fundi wa mipira na mchezaji hodari kupita wote wa siku zile. Mpira ulishonwa kwa ngozi, ukashindiliwa manyoya ya bata yaliyochemshwa, kadiri ya kujaza kofia nzima. Ilikuwa kazi ngumu. Fundi mzuri alimaliza mipira michache tu kwa siku.

Karibu na mwaka 1848 ukatokea mpira mpya, uliofanywa kwa utomvu mgumu wa miti ya nchi za Malaya. Ulikuwa rahisi, wala haukupasuka upesi. Robertson akauchukia, maana aliona utamnyang'anya chakula chake. Siku moja akamkuta Tom uwanjani akiucheza mpira huo, nao wakakosana. Tom akaacha kazi kwa bwana wake. Mwaka 1851 akahamia Prestwick, upande wa magharibi wa nchi, kuwa mtunza uwanja. Alikwenda na mkewe na mtoto mchanga wa mwaka ule ule, aliyeitwa Tom kama baba yake. Jina hilo lilikuwa limetumika mara moja kabla yake, kwa mtoto wao wa kwanza, ambaye walimzika mwaka 1850.

Robertson alikufa mwaka 1859, na watu wakaulizana nani sasa ndiye bingwa. Kwa hiyo mwaka 1860 yalifanyika Prestwick mashindano yajulikanayo mpaka leo duniani pote kwa jina la Open. Siku ile wachezaji walikuwa wanane tu. Tunzo lilikuwa mshipi wa ngozi nyekundu wenye mapambo ya fedha. Mwaka wa kwanza mshindi alikuwa Willie Park, na Tom wa pili. Lakini Tom akashinda mwaka 1861, na 1862, na 1864, na tena 1867, akiwa na miaka 46. Mpaka leo hakuna mtu mzima kuliko yeye aliyeshinda mashindano hayo.

Mwaka uliofuata, 1868, mshipi ulitoka kwa baba ukaenda kwa mwana. Tom mdogo alishinda akiwa na miaka 17, na mpaka leo hajatokea kijana kuliko yeye. Akashinda 1869, akashinda 1870. Sheria ilisema ashindaye mara tatu mfululizo mshipi ni mali yake, basi akauchukua nyumbani. Mwaka 1871 mashindano hayakufanyika kwa kuwa hapakuwa na tunzo tena! Mwaka 1872 yakarudi, akashinda mara ya nne, na jina lake likawa la kwanza kuchorwa juu ya jagi la fedha ambalo nakala yake hutolewa hata sasa.

Wazazi mnajua furaha ya baba anayeshindwa na mwanawe mwenyewe. Ni kushindwa kwa namna ya pekee, ambako mtu hukusimulia kwa majirani.

Sasa nisikilizeni mimi mwandishi wa vitabu. Novemba 1874 Tom mdogo alioa. Mkewe aliitwa Margaret. Septemba 1875 baba na mwana walikuwa North Berwick, ng'ambo ya ghuba, wakishindana na ndugu wawili wa ukoo wa Park. Ikaja simu ya maandishi: mke wa Tom mdogo yumo katika uchungu wa kuzaa, naye ana hali mbaya. Bwana mmoja akawapa chombo chake, wakavuka usiku. Walipofika, mama na mtoto wote wawili walikuwa wamekwisha kufa.

Kijana alijikaza. Majira ya baridi akacheza mechi ya siku nyingi, theluji ikiwa imefunika uwanja, akashinda. Lakini asubuhi ya Noeli mwaka huo huo walimkuta amekufa kitandani. Alikuwa na miaka 24. Ndoa, kifo cha mke na mtoto, kisha kifo cha mume: vyote kwa miezi kumi na mitatu. Vitabu vyangu vinanifundisha kwamba hilo si jambo la Uskoti peke yake.

Madaktari walisema mshipa ulipasuka kifuani. Watu mjini walisema amekufa kwa huzuni. Husimuliwa kwamba mzee Tom alipoyasikia hayo alijibu kwamba kama huzuni ingeweza kuua mtu, yeye mwenyewe asingekuwapo.

Mwaka uliofuata mkewe naye akafa. Baadaye akawazika watoto wake waliobaki, mmoja baada ya mwingine. Je, alifanya nini miaka hiyo yote? Alifanya kazi. Tangu miaka ya 1860 alikuwa amerudi St Andrews kuwa mtunza uwanja kwa mshahara wa paundi 50 kwa mwaka. Alipanda majani, akamwaga mchanga juu yake ili yastawi, akapima viwanja vipya huku na huko, akacheza katika mashindano hata alipopita miaka 70. Na Jumapili aliufunga uwanja. Aliwaambia mabwana waliotaka kucheza kwamba hata kama wao hawahitaji kupumzika, ardhi inahitaji. Uwanja ule mkongwe hata leo hufungwa Jumapili, isipokuwa kwa mashindano makubwa. Aliacha kazi mwaka 1903, akafa mwaka 1908 kwa kuanguka ngazini, karibu kutimiza miaka 87.

Kaburi lao liko katika magofu ya kanisa kuu la kale la St Andrews, lililoporwa katika vurugu za mwaka 1559. Juu ya kaburi la kijana kuna sanamu yake akiwa ameshika fimbo. Vyama vya gofu 60 vilichanga fedha kuijenga.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa yule mzee wetu, nikamsimulia haya yote. Alisikiliza, mkono shavuni. Nilipokwisha akaniuliza, "Na baada ya kuzika, watu wake walimfanyia nini?" Nikasema walimwacha na kazi yake, wakawa wanapita uwanjani kuzungumza naye. Akasema, "Hapa kwangu watu wamekuja siku tatu, wakala, wakaondoka. Jembe langu wamelificha, ati nipumzike."

Basi, wasomaji, yale niliyotaka kusema mzee amekwisha kuyasema. Aliyefiwa mrudishieni jembe lake, kisha piteni shambani kwake, hata baada ya matanga. Na ninyi waume vijana: mke akikaribia siku zake, msiende safari, wala msingoje azidiwe ndipo mtafute gari la kumpeleka hospitali. Sina hamu ya kuandika majina mawili kwa siku moja.

Tuonane juma lijalo.