Siti Asimame Ukumbini

Wapo kati yetu hapa Usoke wanaosema haifai mwanamke kusimama peke yake katika ukumbi wa kanisa na kuigiza maisha ya mwimbaji wa taarabu, tena Mwislamu. Tunawauliza: ushuhuda ni nini, kama si mtu mmoja kusimama na kusema kweli? Siti binti Saad wa Fumba, Unguja, aliuza vyungu, akadharauliwa. Mwaka 1928 sauti yake ikarekodiwa Bombay. Katika wimbo wa Kijiti alimlilia mwanamke aliyeuawa, muuaji akatoroka, mashahidi wakafungwa. Bwana Yesu alimsifu Msamaria mbele ya Wayahudi. Sisi ni nani hata tumzibe Siti mdomo? Aigizwe, lakini kwa ukweli wote: vyungu kwanza, sifa baadaye.